Viza yangu imeandikwa "no public funds" (hakuna ruhusa ya kuchukua benefiti za serikali), naweza kudai Child Benefit (hela ya serikali ya kulea mtoto) ya mwanangu na ya mtoto wa dada?

Swali limetoka kwa dada mmoja yupo Coventry, nimelifupisha kidogo: "Assalaam alaikum. Nipo hapa kwa viza ya mke, mume wangu ana pasi ya Uingereza na analipwa kama pauni 64,000 kwa mwaka. Tuna mtoto wa miaka 4, kazaliwa hapa hapa. Halafu tunaishi na mtoto wa dada yangu, ana miaka 11, raia pia, dada kaenda Mombasa kumuuguza mama yetu na sasa ni mwezi wa tano hajarudi. Hela ya mtoto bado inaingia kwenye akaunti ya dada. Wenzangu wananiambia nijaze fomu manake mwanangu ni raia, wengine wanasema nikijaza tu viza imekwenda, na mume anasema kwa mshahara wake hatupati kitu. Nani hasa anaruhusiwa kulipwa hii hela?"

Wa alaikum salaam dada, na pole sana kwa ugonjwa wa mama, Mungu amuafu. Nianze na jibu kabisa halafu ndo nieleze. Wewe usijaze hiyo fomu. Mume wako ndo ajaze, na ajaze kwa watoto wote wawili, wa kwenu na wa dada. Na dada yako huko Mombasa awasiliane na HMRC (ofisi ya kodi ya Uingereza, ndo wanaolipa hii hela) wiki hii hii asingoje mpaka arudi, kwa sababu sehemu ya hela inayoingia kwenye akaunti yake sa hivi si yake tena na wataidai.

Sasa kwa nini. Watu wengi wanachanganya mtoto na mdai. Child Benefit inatolewa kwa ajili ya mtoto, lakini kisheria haki ni ya mtu mzima anayemlea, kwa hiyo wakifungua fomu hawaanzi kuuliza mtoto ana pasi gani, wanaanza kumwangalia aliyejaza: yupo Uingereza? maisha yake yako hapa kweli? viza yake inamruhusu? Mwanao ni raia tangu siku aliyozaliwa kwa sababu baba yake ni raia, alhamdulillah, ila uraia wake haupandi kwako wewe. Wewe kwenye eViza yako kuna hayo maneno "no public funds" na Child Benefit imetajwa kwa jina kwenye orodha ya hizo public funds. Ukidai kwa jina lako umevunja sharti la viza, hela utarudisha, na siku ya kuomba kuongeza muda au kuomba ukaazi wa kudumu hilo jambo linaweza kuletwa mezani likuharibie. Waliokwambia viza inafutwa dakika ile ile wameongeza chumvi, lakini waliokwambia jaza tu mtoto ni raia ndo wabaya zaidi, manake huo ushauri nimeuona ukiwatia akina mama kwenye matatizo na wao walikuwa na nia safi kabisa.

Mume wako yeye hana kizuizi. Ni raia, anaishi hapa, mtoto yuko nyumbani kwake, basi. Child Benefit haidaiwi na mke na mume kwa pamoja, anadai mtu mmoja tu. Kwenye fomu ataulizwa habari za mwenzake na ataandika jina lako, hapo usiogope, kuandikwa si kudai. Sheria ya uhamiaji yenyewe inasema mtu hahesabiki ametumia public funds kwa sababu tu mwenzake analipwa haki yake, alimradi malipo hayakuongezeka kwa ajili ya yeye kuwepo, na Child Benefit inahesabu watoto peke yao, wewe ukiwepo usiwepo kiwango ni kile kile. Ila usichanganye na Universal Credit (posho ya wenye kipato kidogo), ile ina kanuni zake na mngeulizana kwanza na mshauri kabla hamjagusa kitu.

Kuna jambo nalisema kila nikijibu swali la mke aliye kwenye viza ya mume, hata kama hajaniuliza, na wewe samahani kama halikuhusu. Kama ndoa imevunjika kwa sababu ya kupigwa au kunyanyaswa, mke haachwi hivi hivi na lile sharti. Kuna utaratibu wa Home Office (wizara inayoshughulikia uhamiaji) unaompa miezi 3 ya kukaa na ruhusa ya kupata benefiti zote ikiwemo hii, wakati anaomba ukaazi wake mwenyewe. Wapo wanaovumilia kipigo kwa kuamini wakitoka hawana hata senti ya maziwa ya mtoto. Si kweli, na nakuomba ukimjua mmoja mwambie.

Tuje kwa mtoto wa dada. Kwetu huyo ni mwanao, anakuita mama mdogo na hakuna wa kuuliza kwa nini yuko kwako. Jambo zuri ni kwamba kwenye hii benefiti Waingereza nao hawaulizi nani kamzaa. Wanauliza anaishi na nani, anakula kwa nani, shule wanampigia nani akiumwa. Bibi anaweza kudai, shangazi anaweza, baba wa kambo anaweza, hata rafiki wa familia anaweza. Mume wako hana damu na huyo mtoto lakini mtoto anaishi kwake, inatosha. (Nyie ni mama mdogo na baba mdogo kwa hiyo kaunsili hamna haja ya kuwaarifu. Ila mtu anayelea mtoto wa rafiki au wa jirani wa kule nyumbani, mtoto chini ya miaka 16, kwa siku 28 au zaidi, lazima kaunsili ijue, na wengi wetu hatulijui hilo kabisa.)

Ugumu ni kwamba kwa mtoto mmoja hawezi kulipwa zaidi ya mtu mmoja, na sa hivi anayelipwa ni dada. Sheria inamruhusu mdai kuwa nje ya Uingereza wiki 8, na zinafika 12 kama sababu ni matibabu au kifo kwenye familia. Kumuuguza mama ni sababu nzuri, kwa hiyo tuseme anapata zile 12. Mwezi wa tano ni kama wiki 20, zimebaki wiki 8 ambazo hazina maelezo, na kama ana mtoto huyo mmoja tu, kwa kiwango cha 2025/26 ni pauni 26.05 mara 8, jumla 208.40, na kila wiki inayopita deni linaongezeka. Halafu kuna la pili ambalo watu hawalijui: mtoto haishi naye. Mtoto akiwa mbali na mdai wanavumilia siku 56 ndani ya wiki 16, zaidi ya hapo mdai aonyeshe kwamba anachangia kila wiki angalau kiasi sawa na Child Benefit yenyewe kumtunza yule mtoto. Kama dada alikuwa anakutumieni hiyo hela mtafute ushahidi wa benki muweke. Kama hakutuma simlaumu, mama mgonjwa anakula hela, ila hesabu yake ya deni inaweza kuanza mapema kuliko wiki ya 13.

Nakwambia hivi kwa sababu nimeliona kwa macho. Mama mmoja alinijia na bahasha ya kahawia hajaifungua, kaikunja mara mbili kaitia kwenye pochi, anasema ameiogopa kwa siku tisa. Tukaifungua pamoja mezani. Alikuwa ameenda Tanga na watoto wake wawili, arusi ya mdogo wake, ilikuwa akae mwezi, mirathi ya baba ikamshika, akakaa wiki 22. Zile 8 zilikuwa halali, 14 zilizobaki kila wiki pauni 43.30, jumla 606.20. Alilia, si kwa ukubwa wa hela, ni kwamba alidhani sasa ataitwa mwizi. Tukapiga simu pale pale, akaeleza tarehe alizoondoka na kurudi bila kuficha, wakakubaliana alipe kidogo kidogo kila mwezi. Angepiga simu akiwa Tanga wangesimamisha malipo na deni lisingekuwepo kabisa. Ndo maana nasema dada yako asingoje, aingie kwenye akaunti yake ya HMRC mtandaoni au apige simu aseme ameondoka tarehe fulani, mtoto yuko kwa mdogo wake, na anaachia dai. Akirudi na mtoto akarudi kwake atadai upya, hakuna anayemnyang'anya mtoto wala haki yake.

Na asijidanganye hawatajua. Mwaka 2025 HMRC walilinganisha majina ya wanaolipwa na taarifa za safari za Home Office, wakasimamisha malipo ya familia zaidi ya 23,000. Wengi humo walikatiwa kimakosa, mfumo uliona wameondoka haukuona wamerudi, watu walioenda wiki moja tu wakaambiwa wamehama nchi. Kwa hiyo na nyie mkisafiri kwenda kumwona mama tunzeni tiketi na karatasi za kupandia ndege za kwenda na za kurudi, msitupe. Watoto nao wana kikomo chao, wiki 12, ndo maana wale wanaopeleka mtoto Mombasa au Zanzibar akasome mwaka mzima madrasa na shule hawana haki ya kuendelea kupokea hata kama wao wazazi wako hapa wanafanya kazi.

Mume akishadai na dada hajaachia itakuwaje? HMRC wataona wadai wawili, wanampa kipaumbele anayeishi na mtoto, yaani mume wako, ila yule aliyekuwa analipwa anaendelea kuhesabiwa yeye kwa wiki 3 hivi baada ya dai jipya. Dada akijitoa mwenyewe ni rahisi zaidi na hamtaandikiana barua.

Sasa hili la mshahara. Mume wako hakulitoa hewani, amekariri kanuni ya zamani. Kuanzia Januari 2013 mtu akizidi pauni 50,000 alikuwa anaanza kurudisha, na akifika 60,000 imeliwa yote. Kwa kanuni hiyo kweli 64,000 ilikuwa hampati kitu. Lakini tangu Aprili 2024 mstari umesogea, unaanzia 60,000 na inaisha kabisa ukifika 80,000, na katikati unarudisha asilimia 1 kwa kila pauni 200 uliyozidisha. Yeye amezidisha 4,000, gawanya kwa 200 ni 20, kwa hiyo anarudisha asilimia 20 na 80 inabaki nyumbani. Kwa viwango vya 2025/26 mtoto mkubwa ni 26.05 kwa wiki na kila anayefuata 17.25, wawili wenu ni 43.30, mwaka mzima 2,251.60. Atarudisha kama 450, mtabaki na kama 1,800. Hiyo ndo "hatupati kitu" ya mume wako, dada. Mwonyeshe hii hesabu.

Tena hata hiyo 450 huenda asilipe. HMRC hawaangalii mshahara mtupu, wanaangalia kipato baada ya kutoa michango ya pensheni. Aangalie karatasi yake ya mshahara, kama pensheni inakatwa kabla ya kodi basi 64,000 yake mbele ya HMRC si 64,000. Akiweka 4,000 kwenye pensheni anateremka mpaka 60,000 na harudishi hata pauni, na hela yenyewe ni yake ya uzeeni. Hata zaka na sadaka mnazopitisha kwenye mashirika ya hisani yaliyosajiliwa, pale anapoweka tiki ya Gift Aid (inayoliruhusu shirika kudai kodi ya ile sadaka kutoka serikalini), zinapunguza, pauni 1 aliyotoa inahesabiwa 1.25. Mwezi wa Ramadhani tunatoa sana na hatuandiki popote, aandike. Cha kurudisha analipa kwa kujaza ritani ya kodi, au siku hizi anaomba ikatwe moja kwa moja kwenye mshahara. Na anaangaliwa mmoja mmoja, yule mwenye kipato kikubwa kati yenu, hawajumlishi mishahara ya wawili. Mimi naona hiyo haina haki, mke na mume kila mmoja na 59,000 wanapata yote, mama peke yake mwenye 70,000 anarudisha nusu, lakini ndo sheria ilivyo.

Limenijia hapa lingine, watu wanasema watoto ni wawili tu. Hapana. Child Benefit haijawahi kuwa na huo ukomo, wa tatu na wa saba wote wanalipwa. Ule ukomo ulikuwa wa Universal Credit tangu Aprili 2017, na wenyewe Bajeti ya Novemba 2025 ilitangaza kuufuta kuanzia Aprili 2026.

Najua wengine watasoma hii na hali zao si kama yako kwa hiyo niwape maneno machache. Wenye ukaazi wa kudumu wanadai kama raia. Mke na mume wote wako kwenye viza ya kazi, wauguzi na wahudumu wa wazee wengi tuliokuja nao kutoka Kenya na Uganda wako hapa, hawawezi, hata mtoto akizaliwa hospitali ya hapa, mpaka mmoja apate ukaazi au hilo sharti liondolewe. Waliokuja na pasi za Uholanzi, Denmark au Sweden, kama wana settled status (ukaazi wa kudumu wa watu wa Ulaya) wako sawa, wenye pre-settled (ule wa muda) lazima waonyeshe haki nyingine ya kuishi hapa kama vile kazi. Raia waliokaa Dar miaka kumi wakarudi, wasishangae kuambiwa wangoje, kuna kanuni ya kuishi hapa miezi 3 kwanza, ina vipengele vya kuwatoa baadhi ya watu lakini si wote. Na ndugu zetu wa Kongo na Burundi walioomba hifadhi, wakati wanasubiri hawalipwi, lakini siku wakikubaliwa ukimbizi wakidai ndani ya miezi 3 ya kupata barua wanarudishiwa nyuma mpaka tarehe waliyoomba hifadhi. Hiyo inaweza kuwa hela ya miaka miwili na ukichelewa wiki moja imekwenda, nisikilizeni kwa hili.

Umri nalipita haraka manake wa kwenu bado wadogo: mpaka 16, au mpaka kabla ya kufika 20 kama bado yuko sekondari ya juu au chuo cha ufundi, si yunivasiti. Mwaka anaofika 16 HMRC wanatuma barua kuuliza anaendelea na shule, usipojibu inakatika tarehe 31 Agosti.

Kwa mwanenu wa miaka 4, hapa sina habari nzuri sana. Wanarudisha nyuma miezi 3 tu, basi. Miaka ile ya nyuma imepita, ingawa kabla ya Aprili 2024 kwa mshahara kama huu msingebaki na kitu. Kila wiki mnayochelewa sasa ni wiki inayoanguka upande wa pili, kwa hiyo mume ajaze leo usiku, kwenye programu ya HMRC ya simu au tovuti ya serikali, awe na namba yake ya National Insurance (bima ya taifa), maelezo ya benki na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Kwa mtoto wa dada zile wiki ambazo dada alishalipwa hawawezi kuzilipa mara ya pili, asizipiganie. Inalipwa kila wiki 4, kwa kawaida Jumatatu au Jumanne.

La mwisho ni lako wewe, na hili hukuuliza. Umesema mume analipwa, hukutaja kazi yako, nadhani upo nyumbani na watoto. Anayedai Child Benefit kwa mtoto chini ya miaka 12 anapewa mwaka wa National Insurance bure, ile inayojenga pensheni ya serikali ya uzeeni. Mume wako anafanya kazi, miaka yake inajazwa na mshahara, hiyo ya bure haimfai kitu. Unaweza kuomba ihamishiwe kwako, fomu inaitwa CF411A, na hiyo haimo kwenye public funds kwa hiyo haigusi viza yako. Posho iliyoitangulia hii, Family Allowance, ilipoanza kulipwa Agosti 1946, mtoto wa kwanza hakuhesabiwa, na Eleanor Rathbone aliyeipigania miaka mingi bungeni alikataa katakata ilipwe baba, alisema iende mkononi kwa mama, na ikawa hivyo. Kwako wewe kwa sasa hela itapita kwa baba, lakini hiyo miaka ya pensheni ichukue. Baada ya dai la mume kukubaliwa subirini barua yake ifike, kisha jazeni CF411A wote wawili msaini. Na ukikwama sehemu ya tarehe niandikie tena.